Kutoka Nembo ya Ngozi hadi Vazi: Mwongozo wa Kubuni Kitambaa kwa Wanafunzi wa Mitindo

Neno nembo, ambalo leo tunalitumia kwa alama ya taifa au ya shirika, lina maana nyingine ya zamani: ni alama iliyochanjwa usoni au mwilini ili mtu atambulikane na watu wake. Wamakonde wa uwanda wa Newala, kusini mwa Tanzania, na wenzao wa uwanda wa Mueda ng'ambo ya Mto Ruvuma nchini Msumbiji, huziita chale zao dinembo. Ni juu ya chale hizo nitajenga mwongozo huu, unaomchukua mwanafunzi kutoka alama ya mwilini hadi vazi la pamba lililotiwa rangi kwa njia ya batiki, yaani kuchora kwa nta inayozuia rangi isiingie.

Nimezichagua nembo za Wamakonde, badala ya michoro ya tatuu inayopatikana kila mahali kwenye simu, kwa sababu wenyewe walikwisha kuzihamisha kutoka ngozini hadi kwenye vitu vingine. Mistari ile ile iliyochanjwa usoni ilichongwa pia kwenye barakoa za ngoma ya mapiko, na katika baadhi ya barakoa fundi hakuchonga mistari bali aliibandika kwa vipande vyembamba vya nta ya nyuki, ili alama isimame juu ya mti kama chale inavyosimama juu ya ngozi. Mwanafunzi wa batiki anayeshika nta leo anashika kitu ambacho kilikwisha kuchora nembo kabla yake.

Jambo ninalolisisitiza kwa kila mwanafunzi ni kwamba alama ya mwilini ilibuniwa kwa ajili ya mwili, nao mwili una mgongo, kitovu, mabega na viungo vinavyokunjika. Anayechukua umbo lake tu na kulirudia juu ya kitambaa kutoka ncha hadi ncha ametengeneza pazia, hata kama baadaye atalishona liwe gauni.

Hatua ya kwanza: Kutazama kabla ya kuchora

Anza kwa kuelewa jinsi alama ilivyofanywa, kwa sababu sura yake inatokana na kazi ya mkono. Fundi wa kuchanja alikata ngozi kwa kisu kidogo, mkato mfupi baada ya mkato mfupi, kisha akasugua ndani yake masizi ya mbegu za mbarika zilizounguzwa. Kidonda kilipopona kiliacha mstari wa rangi ya buluu iliyokolea, na chale zilizorudiwa ziliweza kuinuka kidogo zikahisiwa kwa kidole. Kwa hiyo hutaona mikunjo laini mingi wala maua yanayojiviringisha. Utaona mistari mifupi iliyopangwa sambamba, pembe zilizobebana moja juu ya nyingine, mistari ya meno ya msumeno, nukta zilizofuatana, na umbo la uru, yaani pembenne iliyosimama kwa ncha.

Pa kutazamia pako, ingawa watu wenye nembo wamebaki wachache na wengi wao ni wazee. Baada ya uhuru wa Msumbiji mwaka 1975, chama cha FRELIMO kiliipinga desturi hiyo kikiiona kama kizuizi cha umoja wa taifa, na vijana wakaacha kuchanjwa. Mtaalamu Mjerumani Karl Weule alifika Newala mwaka 1906 na kupiga picha za watu wenye chale, na picha hizo bado ni hazina kwa anayetaka kuona mpangilio wa alama kifuani na mgongoni. Aliyeko Dar es Salaam aende Makumbusho ya Taifa, kisha azungumze na wachongaji wa Mwenge, akiomba kuonyeshwa vinyago vyenye sura zilizochanjwa. Kwa mwanafunzi wa Kenya, jamii ya Wamakonde wa Kwale, waliotambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la nchi hiyo baada ya matembezi yao ya kwenda Nairobi mwaka 2016, iko karibu kuliko anavyodhani.

Tazama pia barakoa za kiwiliwili, zile ambazo mchezaji huvaa kifuani ili kuonyesha mwili wa mwanamke mjamzito. Hapo nembo zinazunguka kitovu na kushuka tumboni, na umbo la uru linapanuka pale tumbo linapopanuka. Somo zima la ubunifu wa vazi limo katika kipande hicho kimoja cha mti.

Mimi nilijifunza jambo kubwa kwa bibi mmoja wa Newala mwenye chale mashavuni. Baada ya shikamoo na mazungumzo marefu ya habari za nyumbani, nilimpa karatasi na kipande cha mkaa, nikamwomba, "Bibi, nichoree kama alivyokuchora fundi." Hakuvuta mstari mmoja mrefu kama nilivyozoea mimi. Aliweka mkwaju, yaani mstari mfupi wa urefu wa kucha moja, akainua mkono, akaweka wa pili kando yake, na kila alipofika kwenye pembe aliigeuza karatasi badala ya kugeuza kiganja. "Mjukuu wangu," akaniambia, "fundi hakugeuka yeye, alinigeuza mimi." Tangu siku hiyo sichori nembo kwa mstari mrefu, na kila ninapochora naizungusha karatasi.

Zoezi la hatua hii ni kurasa tatu. Ya kwanza ijazwe nukta tu, ya pili mikwaju mifupi iliyo sambamba, na ya tatu maungio, yaani mahali ambapo mstari unakutana na mwingine na kugeuka. Usichore sura kamili mpaka kurasa hizo zijae, kwani asiyejua maungio huishia kuiga picha moja na kushindwa kutunga ya pili.

Hatua ya pili: Kuomba, na kujua kisichoombwa

Mwaka 2013 kampuni ya Nike iliondoa sokoni suruali za kubana za wanawake zilizochapwa mchoro wa pe'a, tatuu ya wanaume wa Samoa inayoanzia kiunoni hadi magotini, baada ya Wasamoa kulalamika. Wabunifu wale walikuwa na mkono mzuri, na mchoro ulikaa vizuri kwenye mguu. Kosa lao lilikuwa kuchukua alama inayopatikana kwa maumivu ya siku nyingi na kubeba wajibu wa mtu katika jamii, tena ya wanaume, na kuiuza kama pambo la mazoezi kwa wanawake. Na Wasamoa hawana tatizo na kupeleka michoro kwenye nguo, kwa kuwa kitambaa chao cha gome la mti, siapo, kina maumbo yanayofanana na ya tatuu zao. Walichokataa ni hiyo alama mahsusi, mahali pale, bila ya wao kuulizwa.

Wamaori wa New Zealand wamelitatua jambo hili kwa namna ambayo mwanafunzi anaweza kuifuata. Moko ni alama yenye nasaba ya mtu na haigawiwi, ilhali kirituhi ni mchoro wa mtindo huo huo usiobeba nasaba, ambao mtu yeyote anaweza kuuvaa. Nakushauri ufanye vivyo hivyo kwa nembo: jifunze lugha ya mistari na pembe, kisha tunga sentensi yako mwenyewe, badala ya kunakili uso wa mtu fulani uliyempiga picha.

Katika kuomba ruhusa, nenda na mtu anayefahamika, eleza kwamba unataka kutengeneza kitambaa na kama utakiuza au la, na uandike jina la aliyekufundisha, kijiji chake na tarehe katika daftari lako la kazi. Uliza wazi ni alama gani haifai kuwekwa nguoni, na ukiambiwa usiitumie, usiitumie. Sheria nayo ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 ina sehemu inayohusu sanaa za jadi, Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na maonyesho ya utamaduni, na nchi wanachama wa ARIPO, shirika la miliki ubunifu la kanda ya Afrika, zilipitisha Itifaki ya Swakopmund mwaka 2010 kwa lengo hilo hilo.

Hatua ya tatu: Mwili kwanza, meza baadaye

Wabunifu wakubwa waliogeukia tatuu walilijua jambo hili. Issey Miyake, katika mkusanyo wake wa mwaka 1971, alichapa sura za wanamuziki Jimi Hendrix na Janis Joplin kwa mtindo wa tatuu za Kijapani juu ya vazi linalobana mwili. Martin Margiela mwaka 1989 na Jean Paul Gaultier mwaka 1994 walitumia fulana nyembamba zinazoonyesha ngozi, ili macho yasijue kitambaa kinaishia wapi. Sisi hatutatumia kitambaa cha kuvutika, kwa kuwa batiki inataka pamba, lakini kanuni yao tunaichukua: mchoro unapangwa juu ya mtu.

Kata vazi lako la majaribio kwa marikani, kitambaa rahisi cha pamba kisichopaushwa. Kwa kazi ya kwanza chagua vazi lenye vipande vichache, kwa mfano blauzi isiyo na kola yenye mgongo wa kipande kimoja. Lipige mshono mrefu wa kufumuka upesi, mvalishe mwenzako, kisha chukua mkaa au chaki na kuweka alama nne: mstari wa uti wa mgongo, ncha za mabega, usawa wa kitovu, na mstari wa ubavu ambapo mshono utapita. Mwambie anyanyue mikono, ainame, akae. Pale marikani inapojikunja, usiweke umbo dogo lenye maelezo mengi, kwa sababu halitaonekana.

Sasa chora nembo yako moja kwa moja juu ya mwili uliovaa. Ukitaka pembe zilizobebana zishuke mgongoni, anzia kwenye uti wa mgongo uende pande zote mbili, na simama vidole viwili kabla ya mshono wa ubavu, isipokuwa kama umeamua kwa makusudi kwamba mistari ya mbele na ya nyuma ikutane hapo. Kukutanisha mistari kwenye mshono ni kazi ngumu, kwani kosa la nusu sentimita linaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Katika blauzi yangu ya kwanza ya namna hii sikujali mshono, na pembe za kushoto zikakaa chini ya zile za kulia kama ngazi iliyovunjika.

Fumua marikani na kuilaza mezani. Utashangaa kuona kwamba mstari ulioonekana umenyooka begani umepinda ukiwa umelala, na kwamba umbo la uru la kiunoni limekuwa na upande mmoja mrefu. Usiunyooshe! Nakili mistari hiyo ilivyo kwenye karatasi yako ya kukatia, kwa kuwa kupinda huko ndiko kutakakoufanya unyooke tena mtu atakapovaa.

Asiyetaka kushona anaweza kutengeneza kitambaa cha kujifunga kwa mpango wa kanga, ambayo imegawanyika tayari katika pindo, yaani ukingo, na mji, yaani uwanja wa katikati. Pindo libebe mikwaju sambamba, mji ubebe umbo moja kubwa, na kabla ya kuamua ukubwa jifunge kitambaa kitupu uone mji unaangukia wapi mwilini.

Hatua ya nne: Nta

Nunua bafta au pamba nyingine nyeupe isiyochanganywa na nailoni. Ifue kwa maji ya moto na sabuni ili wanga wa kiwandani utoke na kitambaa kipungue ukubwa kabla ya kukatwa, kisha ianike, ipige pasi, na uhamishie mchoro pamoja na mistari ya kukatia kwa penseli hafifu. Usikate vipande sasa, kwa kuwa kipande kilichokatwa hufumuka nyuzi katika maji ya rangi.

Kabla ya kushika nta soma hatua ya tano, kwa kuwa katika njia ninayoipenda rangi ya kwanza hutangulia nta. Kwa nembo tunataka mstari safi usio na mipasuko mingi, kwa hiyo changanya sehemu mbili za nta ya nyuki na sehemu moja ya nta ya mishumaa. Nta ya mishumaa pekee huvunjika ovyo, na ile mishipa ya rangi inayopendeza katika batiki za mandhari huharibu mkwaju mfupi. Iyeyushe katika sufuria ndogo iliyokaa ndani ya sufuria kubwa yenye maji, na usiiache jikoni peke yake. Ikishika moto, funika kwa mfuniko na uondoe jiko. Kamwe usimwagie maji, kwani maji yatarusha nta inayowaka mpaka usoni kwako. Weka ndoo ya mchanga karibu, dirisha liwe wazi, na nywele na mitandio ifungwe.

Jaribu nta kwenye kipande cha pembeni. Nta yenye joto la kutosha huzama, na mahali ilipopita kitambaa huonekana chenye unyevu na kupenyeza mwanga. Ikikaa juu ikiwa nyeupe kama mafuta ya samli yaliyoganda, ni baridi, na rangi itapita chini yake. Ikitambaa upande kama wino kwenye karatasi laini, ni ya moto mno. Geuza kitambaa utazame nyuma: mkwaju unaoonekana mbele tu haujakamilika, na unahitaji nta upande wa pili.

Tumia brashi bapa yenye upana wa milimita nne hivi, ichovye, ifute ukingoni, iweke, iinue. Usiivute. Mkwaju mmoja wa brashi uwe mkwaju mmoja wa chale, na ukifika kwenye pembe, geuza fremu yenye kitambaa. Kumbuka kwamba nta hupanuka kidogo, kwa hiyo acha kati ya mkwaju na mkwaju nafasi kubwa kuliko unayoitaka mwishoni. Kwa mistari ya pindo inayojirudia unaweza kukata muhuri wa sponji ya godoro na kuuchovya katika nta. Mpira wa ndala unafaa kwa kuchapa rangi ya kawaida, lakini katika nta ya moto hulainika na kupoteza umbo.

Hatua ya tano: Rangi inayokaribia ngozi

Hapa kuna tatizo ambalo wengi hawalioni mpaka nguo imekauka. Chale ni mstari uliokolea juu ya ngozi, ilhali nta huzuia rangi, kwa hiyo batiki ya kawaida hutoa mstari mweupe juu ya kitambaa kilichokolea. Matokeo yake ni mchoro unaopiga kelele, wakati nembo ya ngozi huonekana vizuri mtu anapokaribia na mwanga unapoigusa kwa ubavu.

Njia ninayoipenda ni kukitia kitambaa kizima rangi ya udongo au kahawia ya wastani kabla ya nta yoyote, kukikausha, kuchora kwa nta, kisha kukitia buluu iliyokolea. Buluu juu ya kahawia hutoa weusi wenye joto, na mistari ya kahawia hubaki ikisimama kama ukingo wa chale ulioinuka. Mwenye subira anaweza kufanya kinyume, yaani kufunika uwanja wote kwa nta na kuacha mistari wazi ili inywe buluu. Ni kazi ya siku mbili au tatu kwa mgongo mmoja wa blauzi, nayo huleta mstari unaofanana zaidi na wa ngozi.

Kwa mwanafunzi napendekeza rangi za riaktivu za maji baridi, yaani zinazoshikana na nyuzi za pamba zenyewe. Pima kitambaa kikiwa kikavu. Kwa kila gramu 100 tumia gramu 2 za rangi ukitaka nyepesi na hadi gramu 6 ukitaka iliyokolea, katika lita 2 za maji. Koroga rangi na chumvi gramu 50 kwa kila lita, tumbukiza kitambaa kilicholoweshwa, na ukigeuze taratibu kwa nusu saa bila kukikunja, maana kila mkunjo huvunja nta. Kitoe, yeyusha magadi ya kufulia, yaani sodiamu kaboneti, gramu 20 kwa kila lita, changanya katika beseni, na ukirudishe kwa saa moja au zaidi. Maji yasiwe ya moto. Vaa glavu, na uvae barakoa unapopima rangi ya unga.

Mafundi wengi wa batiki hutumia rangi zinazohitaji kostiki soda na haidrosi, yaani sodiamu haidrosulfaiti. Hukolea sana na hazichuji, lakini kostiki hubabua ngozi na macho, kwa hiyo zitumie ukiwa na fundi mzoefu kando yako. Kostiki ndiyo inayotiwa ndani ya maji, wala si maji juu ya kostiki.

Hatua ya sita: Kutoa nta, kushona na kukabidhi

Suuza kwa maji baridi mpaka yatoke meupe, anika kivulini, kisha chemsha kitambaa katika maji yenye sabuni, ukikizamisha kwa mti. Nta itaelea. Acha maji yapoe, itoe ikiwa imeganda, na uitunze kwa kazi ijayo. Maji hayo yasimwagwe kwenye sinki, kwa kuwa nta iliyobaki huziba bomba.

Kata kwa kufuata mistari yako ya penseli, na kabla ya kushona ubavu banisha pini kwenye kila mstari unaotakiwa kukutana na mwenzake, kisha piga mshono wa mkono kwanza. Mvalishe yule yule uliyemchorea marikani, na utazame kutoka nyuma akiwa anatembea.

Mwisho andika kibandiko cha kushonwa ndani ya shingo. Kitaje kwamba mchoro umetungwa kutokana na nembo za Wamakonde, mahali ulipojifunza, na jina la mwalimu wako ikiwa ameridhia litajwe. Unapopanga bafta, nunua mita moja na nusu ya ziada na uitie nta na rangi siku hiyo hiyo, kwa sababu kipande hicho kina mwenyewe. Kipeleke kwa aliyekuchorea kwa mkaa, mfunge mabegani, na usimame nyuma yake utazame kama uti wa mgongo umekaa mahali pake.